Chokoleti Iliyonuna na Wifi Aliyekunja Aproni

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Bakuli anafuta bakuli ambalo tayari ni kavu. Analifuta kwa kitambaa cha pamba, analigeuza, analiinua kwenye mwanga wa dirisha kama karani wa benki anayeitilia shaka noti, kisha analifuta tena.

"Hilo lilikuwa kavu," anaambiwa na mwandishi.

"Hata mimi niliwahi kusema hivyo," anajibu, na anaendelea kufuta.

Hali ya ulinzi jikoni humo ni kali. Maji hayaruhusiwi kusogea meza kwa umbali wa mkono mmoja. Ndoo imehamishiwa barazani. Bomba la sinki limefungwa kitambaa shingoni, kama mgonjwa wa mafua. Mgeni anayetaka kusogea karibu hunawa, hujifuta, kisha hukaguliwa viganja pande zote mbili, mithili ya mwanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi wa kucha.

Ulinzi wote huo ni kwa ajili ya gramu mia tatu za chokoleti.

Mama Bakuli ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kuoka keki nyumbani kwake na kuziuza. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu haazimishi bakuli lake kwa mtu yeyote, hata kwa jirani mwenye msiba. Wiki nzuri huoka keki kumi na mbili, wiki mbaya nne. Chokoleti ya kuyeyusha imepanda bei karibu mara mbili katika miaka miwili, hivi kwamba kipande cha nusu kilo sasa kinalingana na ujira wa siku nzima wa mtu anayefua nguo. Mfano huo wa mfuaji nguo ni wake mwenyewe, na si wa bahati mbaya, kama msomaji atakavyoona.

Oveni yake ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na mlango wake hushikiliwa na kiti. Jiko la gesi lina sehemu mbili za moto, moja iligoma tangu mwaka juzi. Juu ya sehemu inayofanya kazi ameweka sufuria yenye maji kina cha vidole viwili.

"Maji nataka yatabasamu," anasema. "Yakianza kucheka, moto umezidi."

Chokoleti ameikata vipande vidogo kama punje za mahindi, maana vikubwa huyeyuka nje huku moyo ukibaki mgumu. Anakalisha bakuli mdomoni mwa sufuria, kitako chake kikiwa juu ya maji bila kuyagusa. Anakoroga polepole kwa mwiko wa mpira. Mwiko wa mti ameufukuza jikoni: "Ule unakunywa maji kimyakimya, halafu unakuja kuyatapikia kwenye chokoleti yako."

Theluthi mbili inapokuwa imeyeyuka, anazima moto. Vipande vilivyobaki vinaelea kama visiwa.

"Watu hapo ndipo wanapokosea. Wanataka imalizike yote juu ya moto. Hivi vilivyobaki viachie vile vilivyoyeyuka, vitavimalizia. Ukilazimisha, itaungua, na iliyoungua haina dawa."

Kweli, baada ya dakika tatu visiwa vyote vimezama. Bakuli linang'aa kama kioo. Mtu anaweza kuchania nywele humo.

Ukutani, juu ya jiko, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito, herufi zote kubwa: MARUFUKU KUFUNIKA. Karatasi bado ni nyeupe na gundi yake bado ni mpya, jambo la kushangaza katika jiko ambalo hata kalenda ina madoa ya siagi.

Akiulizwa sababu ya tangazo hilo, Mama Bakuli anaacha kukoroga.

"Kwa sababu ya wifi yangu," anasema. "Miaka minne hajakanyaga hapa. Na mimi ndiye niliyemfukuza, kwa kosa langu mwenyewe. Nataka arudi. Hilo liandike kwanza, chokoleti itafuata."

Kabla hajaendelea, simu inalia. Ni mteja anayejaribu kuoka mwenyewe nyumbani. Mama Bakuli anaiweka kwenye kipaza sauti kwa sababu mikono yake iko kazini.

"Mama Bakuli, nakufa! Imenuna!"

Kununa ni neno la nyumba hii. Chokoleti iliyoyeyuka vizuri, ikidondokewa na maji kidogo tu, hujikunja ghafla, ikawa nzito, kavu na yenye chembe, kama udongo. Wengine husema imeganda au imeshikana. Mama Bakuli husema imenuna, na wanafunzi wake wote wamelipokea.

"Umefunika?" anauliza.

"Nimefunika kidogo tu, dada, nzi."

"Kidogo! Mtu hafi kidogo. Sasa sikiliza. Usiongeze moto. Pasha maziwa, tia kijiko kimoja, koroga. Kingine, koroga. Kingine."

"Si huwa unasema majimaji ndiyo yanayoiharibu?"

"Tone ndilo limeiharibu. Vijiko vitaitengeneza. Tone linaitia kiburi, vijiko vinaibembeleza. Lakini ujue hutapata ile ya kupaka ikakauka na kung'aa. Utapata mchuzi mzuri wa kumwagia juu ya keki."

"Wageni wanakuja saa saba!"

"Basi waambie ulikusudia mchuzi."

Simu inakatika. Mama Bakuli anafuta mikono, ingawa haina kitu.

Miaka minne iliyopita, hayo yote hakuyajua. Mpaka wakati huo alikuwa akioka kwa unga wa kakao, ambao hauna hasira. Kisha mama mkwe wake akakaribia kutimiza miaka themanini, na familia ikaamua bibi huyo apate keki ya ghorofa tatu iliyovikwa chokoleti halisi. Mama Bakuli akanunua kilo moja na nusu, akasoma maelezo nyuma ya pakiti mara mbili, akaona yanatosha.

Msaidizi wake siku hiyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke anayefua na kupiga pasi mashuka kwa ajili ya kuishi. Hapa msomaji anaombwa asiharakishe. Mawifi wanapogombana si habari, ni ratiba. Lakini wawili hawa walikuwa aibu kwa taifa la mawifi: walipendana. Kila Jumapili dobi alikuja kwa kaka yake, akampita kaka yake sebuleni bila kumsalimu vizuri, akaingia jikoni. Huko kicheko kilikuwa kikisikika mpaka barabarani.

"Majirani walikuwa wananiuliza, 'Yule ni wifi yako au mwenzako wa shule?'" anakumbuka Mama Bakuli. "Alikuwa na aproni yake hapa, yenye mifuko miwili. Hakuna mwingine aliyekuwa anaivaa."

Siku ya sherehe nyumba ilikuwa na ndugu kumi na wanne. Milango yote ilikuwa wazi. Mama Bakuli aliyeyusha chokoleti, ikakubali. Alipoitwa kwenda kupokea wageni, alifanya jambo ambalo alifundishwa na mama yake tangu akiwa mtoto, na ambalo mama yake naye alifundishwa na bibi: alifunika.

"Kwetu chakula hakiachwi wazi. Kuacha chakula wazi ni kama kutoka nje bila kujifunga vizuri. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikaweka juu ya bakuli, maji yakiwa bado yanachemka chini. Nikaenda zangu."

Dakika kumi baadaye alirudi. Akafunua, akaweka mfuniko kando ya sinki bila kuutazama, akamwita wifi yake.

"Wifi, koroga mara mbili tatu nikuletee keki."

Dobi akakunja mikono ya nguo, akashika mwiko, akakoroga mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo. Chokoleti yote, kilo moja na nusu, ilinuna.

"Nilipogeuka nikaona yeye ndiye ameshika mwiko. Na mikono yake siku zote ina unyevu, ametoka kazini moja kwa moja. Sikufikiri. Nilipaza sauti mpaka sebuleni wakasikia. Nikasema, 'Mikono yako hiyo ya udobi! Hushiki kitu kikabaki kikavu!'"

Anatamka maneno hayo kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi aliyeamriwa kurudia mbele ya mwalimu mkuu tusi alilolitoa uwanjani.

"Alivua aproni. Akaikunja. Akaiweka juu ya kiti, akapita katikati ya ndugu zake wote, akaondoka kwenye sherehe ya mama yake mzazi."

Keki iliingia sebuleni ikiwa haijavikwa kitu. Bibi wa miaka themanini aliitazama, akasema keki ni keki, kisha akauliza, "Binti yangu yuko wapi?"

Hadi hapo, hiyo ni hadithi ya hasira, na hasira kila nyumba inayo. Kinachoifanya iwe hadithi ya majuto ni kilichotokea siku kumi na moja baadaye.

Siku hiyo Mama Bakuli alikuwa peke yake. Mumewe alikuwa kazini, watoto shuleni, mlango umefungwa. Alijaribu tena kwa gramu mia mbili. Ikayeyuka vizuri. Akafunika, akaenda kuchukua mayai. Aliporudi, aliinua mfuniko polepole, na safari hii dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa linaingia.

"Nikaona chini ya mfuniko kumejaa matone, kama paji la uso la mtu anayesema uongo. Yakateleza mpaka ukingoni. Moja likadondoka. Nililisikia. Nikakoroga, ikanuna hapo hapo. Nyumba nzima tulikuwa wawili tu, mimi na bakuli."

Aliulizwa alifanya nini.

"Nilitazama mlangoni kama kuna mtu ameniona."

Halafu?

"Halafu nikala ushahidi."

Uchunguzi umethibitisha kuwa ushahidi ulikuwa gramu mia mbili kamili, na uliliwa kwa kijiko, mtuhumiwa akiwa amesimama. Alipomaliza aliosha bakuli, akalifuta, akaoka keki ya unga wa kakao, na jioni akala chakula na mumewe bila kusema lolote.

"Siku ya kwanza niliona aibu. Siku ya pili niliona aibu ya kuchelewa siku moja. Ukichelewa mwezi unahitaji sababu. Ukichelewa mwaka unahitaji wakili."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa Mama Bakuli sasa ametimiza miaka minne na anafaa kupelekwa chekechea.

Mumewe, fundi wa majokofu mwenye maneno machache, anaingia kutafuta chai. Anapoona daftari la mwandishi anataka kurudi alikotoka, lakini mkewe anamzuia.

"Kaa useme, baba. Siku hizi nasema kila kitu."

"Mimi niseme nini? Wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi," anasema huku akivuta kiti, siyo kile cha oveni. "Mimi ndiyo nyasi. Kwa huyu nakula, kwa dada nafuliwa mashati. Kila mmoja ananiuliza hali ya hewa ya upande wa pili, na hakuna anayetaja jina."

"Mwambie ulichofanya."

Anakoroga chai muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Nilikwenda kwa dada wiki ile ile ya ugomvi. Nikamwambia, 'Wewe ndiye mkubwa, omba msamaha yaishe.' Akanitazama. Akaniambia, 'Shati lako liko tayari.' Ndiyo hivyo. Nilimwambia mtu asiye na kosa aombe msamaha, na sikujua."

"Hakujua," mkewe anasema. "Mimi nilijua. Alipokwenda mara ya pili, nilijua. Nilimwona anavaa viatu kwenda kumsuluhisha dada yake, na nikamwambia chukua mwavuli."

Mama mkwe alifariki mwaka jana, akiwa na miaka themanini na mitatu. Kila siku yake ya kuzaliwa iliyofuata alikuwa anaomba jambo moja, keki iliyookwa na wote wawili pamoja, na kila mwaka aliletewa keki moja na shuka moja lililopigwa pasi, kwa saa tofauti. Msibani mawifi walipeana mikono kama wageni waliokutana kwenye foleni.

Ukweli ulitoka wiki mbili zilizopita, na haukutoka kwa hiari. Mama Bakuli hufundisha wanawake watano kuoka, kila Jumamosi asubuhi. Siku hiyo chokoleti ya kikundi ilinuna. Mmoja wao, karani wa ofisi, akamgeukia mwenzake ambaye ni msusi.

"Ni wewe! Mikono yako hiyo ya mafuta ya nywele!"

Msusi akaangusha mwiko. Mama Bakuli ndiye aliyeuokota.

"Ilikuwa sauti yangu. Maneno yangu, kwenye mdomo wa mtu mwingine, na msusi wa watu ameinama anaitazama mikono yake. Nikajiuliza, wifi naye alikwenda nyumbani akaitazama mikono yake?"

Aliwaambia wanafunzi yote palepale. Kisha akapasua mfuko mmoja wa sukari nyeupe, akageuza karatasi upande wa ndani, akaandika tangazo. Jioni alimwambia mumewe.

Mumewe hakugomba. Alivua viatu, akavivaa tena, akatoka kwenda kutengeneza jokofu la jirani. Jirani anathibitisha kuwa jokofu hilo halikuwa bovu.

"Lilikuwa zima kabisa," anasema jirani. "Alilifungua lote, akalifunga lote, akaniambia sasa liko sawa. Nikamshukuru, ningefanyaje?"

Tangu hapo Mama Bakuli amepeleka keki mbili kwa wifi yake kupitia kwa mtu. Hakupata jibu. Na kwa kuwa chombo cha habari kina wajibu wa kusikiliza pande zote mbili, hata upande unaopiga pasi, safari ilifanyika mpaka huko.

Dobi ana miaka hamsini na saba. Anafanya kazi katika chumba kirefu chenye mashine tatu za kufulia, mbili zikiwa hai. Joto lake linatosha kuivisha mtu. Ukutani kuna meza ya pasi, na juu yake msumari mkubwa. Mwenzake wa kazi yuko likizo ya uzazi, hivyo shuka kubwa analikunja peke yake: anatundika ncha mbili kwenye msumari, anarudi nyuma na zile nyingine mbili, analivuta, analikutanisha.

"Msumari ni mwenzangu mzuri," anasema. "Haubishi."

Akielezwa kilichosemwa upande wa pili, anaendelea kupiga pasi. Mvuke unapanda usoni mwake. Maelezo yanapofika kwenye habari ya mfuniko na matone, pasi inasimama.

"Amesema mfuniko?"

Ndiyo.

"Hatimaye." Anaisimamisha pasi. "Mimi nilijua siku ileile."

Chumba kizima kinasikika kikinguruma.

"Mfuniko ulikuwa kando ya sinki, umelala chali, unavuja maji mezani. Niliuona kabla sijavua aproni. Mwanangu, kazi yangu mimi ni mvuke, toka nina miaka ishirini na mbili. Ukifunika kitu cha moto kinatoa jasho, jasho linarudi chini. Hilo halihitaji shule. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo nafua mimi, mimi ndiye ninayekiona."

Kwa nini hakusema?

"Mtu anakutukana mbele ya watu kumi na wanne, wewe unamjibu, 'Samahani wifi, hebu tazama mfuniko'? Kuhusu chokoleti wala sikujali. Ni mikono. Alisema mikono yako hiyo ya udobi. Mikono hii ndiyo iliyomsomesha kaka yangu mpaka akajua jokofu ni nini. Na yeye anajua."

Anainama kuchukua shuka lingine. Anatundika ncha msumarini.

"Nikasema, nisubiri aone mwenyewe. Ana akili, ataona wiki hii. Nilifagia nyumba, nikanunua majani ya chai mazuri. Wiki ikapita. Nikasema mwezi."

Anavuta shuka.

"Nikwambie jambo, na uliandike. Kuwa na haki kunalevya. Nilikuwa nakaa hapa na haki yangu, naikunja, naikunjua, naitazama. Mama yangu ananiuliza kitandani, 'Wewe na wifi yako mna nini?' Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, mfuniko, yakaisha. Sikulisema. Nilitaka litoke kwa yule. Mama amekwenda na mimi bado nina haki yangu. Nimpe nani?"

Keki mbili zilizoletwa, je?

"Niliwagawia wanaoleta nguo. Walisema nzuri. Mwambie asiniletee keki. Yeye akimkosea mtu anaoka. Maneno yake yote anayaweka ndani ya keki, sasa mtu utayasikiaje na mdomo umejaa?"

Kwa hiyo anataka aje mwenyewe?

"Sijasema aje. Nimesema asilete keki."

Na hapo mahojiano yalifungwa rasmi kwa kelele za pasi.

Taarifa hiyo ilipofikishwa jikoni kwa Mama Bakuli, alikuwa anapaka chokoleti juu ya keki ya mteja. Alisikiliza mpaka mwisho huku kisu chake cha kupakia kikiwa hewani. Chokoleti iliyokuwa kwenye kisu ilikauka.

"Alijua?"

Alijua.

"Siku ile ile?"

Siku ile ile.

Alikaa kwenye kiti cha oveni. Mlango wa oveni ukafunguka polepole nyuma yake, na hakugeuka.

"Kwa hiyo yeye alijua siku ya kwanza na mimi siku ya kumi na moja," alisema baadaye. "Na mama kila mwaka anatuuliza. Anamuuliza yeye, ananiuliza mimi. Sote wawili tulikuwa na jibu, na tukamwacha mzee wa watu aende bila kulisikia. Hiyo haina maziwa wala kijiko."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia akausukuma mlango wa oveni kwa goti, akabaki ameegemea hapo ili usifunguke.

"Ukisema umwombe radhi hapa nyumbani, nitamwita," alimwambia mkewe.

"Hapana. Nilimtukana mbele ya watu, siwezi kumwomba msamaha chumbani. Nilikuwa nimepanga niwaite wale kumi na wanne wote, waliobaki. Nioke..." Akajizuia. "Eti alisema nisilete keki?"

Alisema hivyo.

"Na hakusema nije?"

Alisema hajasema uje.

Mama Bakuli alicheka, kicheko kifupi kilichoisha vibaya, akajifuta macho kwa kiwiko ili asilowanishe mikono.

"Basi amesema nije. Wifi yangu namjua. Angekuwa hataki, angenitumia salamu nzuri."

Mpango wake sasa ni wa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati ambapo chumba cha kufulia hujaa watu wanaoleta na kuchukua nguo. Atakwenda mikono mitupu, jambo ambalo anakiri linamtisha kuliko kitu chochote, kwani kwa miaka kumi na tisa hajawahi kubisha hodi kwa mtu bila kuwa na kitu kwenye sahani. Kuhusu ndugu waliosikia tusi, mumewe amekubali kuwapigia simu mmoja mmoja na kuwaambia mfuniko ulikuwa wa nani. Simu tatu zimeshapigwa. Shangazi mmoja alijibu kwamba alijua siku zote, lakini huyo hujua kila kitu siku zote.

"Alhamisi ni siku ya mashuka ya hosteli," alisema Mama Bakuli. "Yanakuwa mia na ishirini. Zamani nilikuwa nampitia huko, namwona na mwenzake, mmoja huku, mmoja kule, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana. Sasa unaniambia anakunja na msumari."

Akaitazama mikono yake, mikavu, yenye ufa mdogo kwenye kidole gumba.

"Sitasema kitu mlangoni. Nitashika ncha ya pili. Akininyang'anya, nitasimama hapohapo mbele ya wateja wake niseme nilichokuja kusema, halafu nirudi nyumbani. Akiniachia nishike..."

"Akikuachia?" mumewe akauliza.

"Akiniachia, yapo mia na ishirini. Kila tukikutana katikati nitakuwa na nafasi ya kumwambia neno moja. Hata mimi, na uoga wangu huu, ifikapo la mwisho nitakuwa nimemaliza."